Wazo la Leo: Kalamu Nyekundu Ingoje

Susanna Wesley aliwafundisha wanawe kusoma nyumbani kwao Epworth, Uingereza. Mmoja wao, John, alianza kuandika shajara mwaka 1725, akaendelea nayo hadi uzeeni.

Mzazi unayesomesha nyumbani, baada ya ibada ya asubuhi mpe mtoto daftari na dakika kumi. Aandike sentensi tatu: alichosikia, alichoona, anachomwomba Mungu. Akiandika “nilifurahi”, muulize: ulifurahia nini, na nani alikuwepo? Sentensi itanenepa yenyewe. Makosa ya tahajia yasubiri somo la insha. Mtoto asiyeogopa kukosolewa huandika ukweli. Nawe andika katika daftari lako mezani hapohapo, maana watoto hufuata wanachokiona kuliko wanachoambiwa.