Betri Isiyoisha

Sisi tunaotembea na chaja kama hirizi tukisikia kuna betri ya nyuklia inayodumu miongo, jibu ni moja: hiyo ndiyo tunataka. Na ikiwezesha nyambizi kukaa chini ya bahari bila kupanda kutafuta mafuta, si ndiyo poa zaidi?

Kwanza tuelewane. Betri ya nyuklia hutumia joto la plutoniamu inayooza polepole. Voyager 1, chombo kilichorushwa angani 1977, bado kinatutumia habari kwa nguvu hiyo. Lakini kilianza na wati kama 470 tu. Birika lako la umeme linataka zaidi. Nyambizi inataka mamilioni, ndiyo maana tangu Nautilus ya Marekani, iliyoshushwa majini 1954, hubebeshwa kinu kizima cha nyuklia. Zile za aina ya Virginia hutiwa urani mara moja, na imekusudiwa itoshe miaka 33 hivi. Kinachozirudisha nyumbani si mafuta, ni chakula cha mabaharia kuisha.

Sasa, tukisema kitu "kinadumu", tunahesabu miaka ya nani?

Angalia Dreadnought, nyambizi ya kwanza ya nyuklia ya Uingereza. Iliingia kazini 1963, ikastaafu 1980. Miaka 17. Urani ilitolewa, lakini vyuma vya kinu vilibaki na mionzi, basi ikaegeshwa Rosyth, Scotland, kungoja kuvunjwa. Imengoja zaidi ya miaka 40. Baharia aliyeingia humo akiwa kijana sasa ni mzee wa wajukuu, na hao wajukuu wanalipa kodi ya kuitunza.

Kuna atakayesema: ililinda nchi, na mjukuu kazaliwa kwenye amani. Hoja nzito hiyo. Hata mzazi hukopa ili mtoto asome, na hatumlaumu. Lakini mzazi muungwana huanza kulipa akiwa hai. Kukopa si kosa; kosa ni kula mkopo wote, halafu bili ipelekewe mtu ambaye hata hakuwepo kuulizwa.

Kwa hivyo mtu akikuuzia betri isiyoisha, usiulize tu itawaka miaka mingapi. Uliza ikizima itawekwa wapi, na nani ameshatenga pesa za kuitunza. Akikujibu "watajua watakaokuja", mwambie hiyo nyambizi bado haijawa tayari kuingia majini.