Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii aghalabu hutumika kumwonya kijana atakaye kuoa kwa kutazama sura tu, lakini mwezi wa Desemba uingiapo yafaa isomwe kwa maneno yake yenyewe, kwa habari ya nyumba na mlango wake. Katika mwezi huo Wakristo wengi huupamba mlango kabla hawajatazama yaliyomo ndani. Kuta hupakwa rangi, taa hutundikwa, viti huazimwa, na mwenye nyumba huufikia usiku wa mkesha akiwa amechoka, amekopa, na pengine amegombana na watu wake. Kisha huenda kanisani kuimba habari za amani. Hapa pana swali ambalo ni jepesi kuuliza na zito kujibu: nyumba hupambwa kwa ajili ya nani?

Pengine hapana mahali katika Tanzania ambapo swali hili huonekana wazi kama kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kila mwaka, tangu katikati ya Desemba, Wachagga walioko mijini hurudi nyumbani. Mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Rombo hujaa, na mengine ya ziada huongezwa. Mwaka 2019 hata treni ya abiria, iliyokuwa imekoma kwa miaka mingi, ilirudi kwenda Moshi, nayo ilirudi mwezi huo huo wa Desemba. Safari ni ya zaidi ya kilomita 500. Anayesafiri huenda kihambani, katika shamba la ukoo lenye migomba na mibuni, ambamo nyumba ya wazazi imesimama na ambamo, mara nyingi, makaburi ya babu yamo hatua chache kutoka mlangoni. Mtu aliyekaa mjini miezi kumi na mmoja hujihesabu kuwa mgeni wa mwenye nyumba mjini; kihambani tu ndipo anapokuwa mtu wa mahali.

Basi maandalio huanza mapema. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vyombo vya Krismasi huundwa na mikono ya wachache. Mbege peke yake ni kazi ya siku nyingi: ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke, ulezi huloweshwa hata uote, ukakaushwa, ukasagwa, ukapikwa uji, gome la msesewe huchemshwa kwa ajili ya ule uchungu wake, kisha vyote huchujwa na kuchanganywa kwa kipimo ambacho hakikuandikwa popote. Mbuzi hutafutwa, ndizi za machalari humenywa mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, majani ya ng'ombe hukatwa ya siku mbili tatu ili siku yenyewe iwe na nafasi. Kazi hizi ni za kale na zina adabu yake. Lakini katika miaka ya karibuni zimeongezewa nyingine juu yake: taa za rangi za kuzungushwa barazani, mapazia mapya, sare ya kitambaa kimoja kwa ukoo mzima ili picha ipendeze. Kazi za kale hazikupunguzwa hata moja. Mkamwana aliyefika jana kutoka mjini hukuta orodha mbili mahali pa moja, na zote mbili huishia jikoni.

Haifai kudhani kwamba mapambo yalianza na fahari hii. Habari za mwaka 1605 kutoka Strasbourg zinasimulia juu ya misonobari iliyosimamishwa vyumbani wakati wa Noeli, ikatundikwa maua ya karatasi za rangi, matofaa, kaki na peremende. Karatasi, tunda, kitu kitamu cha mtoto: hayo ndiyo yaliyokuwa mapambo, na sehemu kubwa yake ililiwa sikukuu ilipokwisha. Taa za umeme zilikuja baadaye sana, mwaka 1882, pale Edward Johnson, mshirika wa Edison, alipoupamba mti nyumbani kwake New York kwa vitaa 80. Mti ule ulizunguka, na mwandishi wa gazeti alialikwa aje kuutazama. Labda hapo ndipo mti ulipogeuza uso wake, ukaacha kuwatazama watoto wa nyumba ukaanza kutazama barabara.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka katika nchi ambayo mti wa Noeli ulikuwa umekwisha kuwa mazoea ya nyumba nyingi. Kutoka Ulaya yalikuja pia mazoea ya kutia pamba juu ya matawi yawe kama theluji, na mpaka leo yako majumba yafanyayo hivyo chini ya Kibo, kilele chenye mita 5,895 na barafu halisi iliyo juu yake, ambayo mtu huiona bure asubuhi kabla mawingu hayajashuka. Si dhambi kutia pamba juu ya mti. Ila ni ajabu ndogo yenye kuchekesha, na kicheko chenyewe kina mafundisho: mtu aweza kuazima uzuri wa mbali huku akiupa mgongo ule ulioko dirishani. Katika sehemu nyingine za Tanzania mkrismasi huwaka maua mekundu mwezi huo huo bila kuombwa na mtu, wala hautumi hesabu ya umeme Januari.

Yuko atakayesema kwamba dawa ni kufuta mapambo yote. Dawa hiyo imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa watu wenye dini kali, liliipiga marufuku sikukuu ya Krismasi. Siku ya Krismasi ya mwaka huo, katika mji wa Canterbury, watu waliamriwa wafungue maduka kama siku nyingine. Ghasia zikazuka, madirisha yakavunjwa, na maduka ya waliotii amri yakatupwa vitu vyake nje. Huko Massachusetts, tangu 1659 hata 1681, aliyekutwa akiadhimisha sikukuu hiyo alitozwa faini ya shilingi tano. Hapakuwa na mapambo, na amani haikuwapo pia. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba utulivu wa nyumba hauji kwa kuondoa vitu tu. Mwenye kuondoa kwa hasira huacha hasira ukutani mahali palipokuwa na ua.

Tena pana hatari ya kuchanganya usahili na ubahili. Maneno haya mawili hutengana kwa herufi moja, na katika maisha hutengana kwa umbali mdogo vile vile. Baba asemaye kwamba Noeli ni jambo la moyoni, kwa hiyo nguo ya mtoto haitanunuliwa, wakati yeye mwenyewe hakosi fedha za kilabuni, hakusema neno la falsafa. Amesema neno la mfukoni. Mtoto ana haki ya siku iliyo tofauti na nyingine. Mwanamke aliyepaka ukuta wake chokaa, akafagia uwanja mpaka mistari ya ufagio ikabaki juu ya udongo, akaweka tawi la msonobari juu ya mlango, amefanya kazi ya uzuri, na uzuri haumdhulumu mtu. Hakuna umaskini unaomnyima binadamu tamaa ya kupamba, na anayeidharau tamaa hiyo kwa maskini humtukana mara mbili.

Wahubiri hupenda kuleta hapa kisa cha Martha na Mariamu katika Injili ya Luka: mmoja ahangaikaye kwa utumishi, mwingine aketiye kusikiliza, na yule wa pili akasifiwa. Kisa ni kizuri, lakini mara nyingi husomwa na mtu anayengoja chakula. Ni rahisi kumwambia Martha aketi. Ni vigumu kuinuka na kushika kisu kumenya ndizi pamoja naye ili wote wawili wapate kuketi. Martha hakulalamika juu ya kazi yenyewe. Alilalamika kwamba ameachiwa peke yake. Nyumba itakayo Krismasi tulivu haina budi kulisikia lalamiko hilo kabla ya kulihukumu. Penye watu kumi, kazi ya mtu mmoja siku nzima ni kazi ya wote kabla ya chai ya saa nne.

Hata hivyo uchovu wa jikoni, ijapokuwa ni mzito, si madhara makubwa kupita yote. Uchovu hupona kwa usingizi. Itazamwe nyumba moja iliyo mfano wa nyingi. Wazazi ni wazee, na watoto ni wanne. Mkubwa amefanikiwa katika biashara. Wa pili ni mwalimu. Wa tatu, binti, ameolewa kata ya jirani. Kitindamimba anaendesha pikipiki ya mtu mwingine huko Dar es Salaam na kupeleka hesabu kila jioni. Zamani nyumba hii ilikuwa na Krismasi ya matawi, maua ya karatasi yaliyokatwa na wajukuu, na mbuzi mmoja aliyegawanywa kwa utaratibu unaojulikana, kila mtu na nyama ya nafasi yake katika ukoo. Kisha mkubwa akaleta taa. Mwaka uliofuata akaleta fundi wa rangi, akapanga mchango wa kila mmoja, na sare, na mpiga picha.

Haifai kumdhania mabaya. Huyu ni mtu aliyesoma kwa mwanga wa koroboi, na ndani yake bado yumo mtoto aliyeahidi kwamba siku moja nyumba ya mama yake itaonekana usiku kutoka ng'ambo ya bonde. Ahadi hiyo ni njema. Anapowasha taa zile, hawashi kwa ajili ya majirani peke yao. Anamlipa mama deni ambalo mama hajui kama analidai.

Lakini kitindamimba hakuja mwaka ule. Alisema kazi ni nyingi. Mwaka wa pili alisema pikipiki imeharibika. Mwaka wa tatu hakusema kitu, na mama hakuuliza. Hesabu yake ilikuwa rahisi: nauli, mchango, sare, zawadi ya mkononi, kisha Januari na karo na kodi ya chumba. Angeweza kuja na nauli peke yake. Ila nyumba iliyokuwa ikimpokea kwa nauli peke yake haikuwapo tena. Mlango ulikuwa umepambwa mpaka ukawa mwembamba. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna hata aliyemlaumu kwa sauti. Ni mapambo yaliyomwambia, kwa lugha isiyo na maneno, kwamba mikono mitupu ingeonekana sana chini ya taa nyingi kama zile.

Hapa ndipo usahili unapokuwa jambo la haki. Watu wengi husifu Krismasi rahisi kwa sababu humpa raha mwenye nyumba: matumizi machache, vumbi chache, usingizi wa kutosha. Sababu hizi ni za kweli, lakini ni za mtu aliye ndani. Kipimo cha mapambo ni yule aliye nje akifikiri kama aingie. Pambo analoweza kulileta ndugu aliye maskini kuliko wote, ua la karatasi au tawi la njiani, humwingiza katika sherehe kama mwenyeji. Pambo asiloweza hata kulichangia humfanya mtazamaji katika nyumba ya baba yake. Wenye hekima husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Aponaje mwenyeji, ikiwa ndugu mwenyewe amekuwa mgeni asiyekuja?

Wachagga wanayo, katika vihamba vyao, alama ya kale kuliko mti wa Noeli. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, upandwao mipakani kuonyesha mwisho wa shamba la huyu na mwanzo wa shamba la yule. Jani lile lile la mpakani, likikatwa na kupelekwa kwa mtu aliyekosewa, ni ombi la msamaha, na kwa desturi ni vigumu sana kwa mtu kulikataa. Mmea mmoja hugawanya na hupatanisha. Haununuliwi dukani wala hauhitaji umeme, na mwenye taa nyingi na mwenye pikipiki ya kukodi huukata kwa kisu cha namna moja.

Katika nyumba ile shida ni kujua nani ampelekee nani. Kwa hesabu ya kawaida aliyekosa ni mdogo, kwa kuwa miaka mitatu hakuja kuwaamkia wazazi. Mkubwa aweza kukaa barazani chini ya taa zake akingoja aletewe isale, na ukoo wote ungeona ni sawa. Baba mzee haoni hivyo. Amemwita mkubwa, amemwuliza sare ya mwaka huu ni kiasi gani, akajibiwa. Akanyamaza kidogo, kisha akamtuma mjukuu mpakani na kisu. Jani limefungwa ndani ya gazeti. Asubuhi atapewa kondakta wa basi liendalo Dar es Salaam, na nafasi haitakosekana, maana mabasi yashukayo huko siku hizi za Desemba huwa karibu matupu.