Kabla ya Kumwita Mtu Mwabudu Sanamu

Wanangu wa Ubwari, nimechoka, lakini kaeni niwaambie taratibu. Shangazi yenu amefiwa, nanyi mnasema hamwendi kilioni kwa sababu nyumba ile wanatambikia mizimu, ni waabudu sanamu. Neno hilo ni zito. Lipimeni kwanza kabla hamjamtwisha mtu.

Kigiriki cha Agano Jipya husema eidololatres: eidolon ni sanamu, latris ni mtumishi. Basi swali ni mtu anatumikia nini. Ndiyo maana Paulo, katika Waefeso sura ya 5, anampa jina hilo hilo mwenye tamaa ya mali, ingawa hana mti wa kuchonga nyumbani. Tazameni njia ya kwenda machimbo ya Misisi. Kijana anaacha shamba, mke na watoto hapa Baraka anafuata dhahabu. Hata baba akifa haji kuzika. Siku akirudi na pesa, tunampa kiti cha mbele kanisani. Sanamu za wazee wetu Wabembe, nyingine ziko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kuondoka kwa sanamu hizo hakukutupunguzia tamaa.

Tena, Wakorintho wa Kwanza sura ya 5 msiisome nusu. Paulo anaeleza kwamba hakuwakataza watu kuchangamana na waabudu sanamu wa nje, maana ingewabidi waihame dunia. Aliyekatazwa kula naye ni yule anayeitwa ndugu huku anatumikia sanamu. Sura ya 10 inaendelea: asiyeamini akikualika, nenda, ule ulichoandaliwa. Mtu akikwambia kimetolewa sadaka, hapo acha, kwa ajili ya dhamiri yake yeye aliyekuambia.

Sisemi mkatambike. Tambiko likataeni, tena kwa adabu, matanga msiyakatae. Mwaka 1996, tulipokimbia vita tukavuka ziwa kwenda Kigoma mpaka kambi ya Nyarugusu, hatukuulizana nani anatambika ndipo tugawane maji. Leo mmepata amani kidogo mnaanza kuchagua wa kulia naye?

Nendeni. Pasueni kuni, choteni maji, ketini na shangazi yenu. Mkiitwa kwenye tambiko, semeni, "Mama, hapo utusamehe," kisha mrudi kwenye kazi. Na mchango wa msiba bado haujatimia. Waanze kutoa waliorudi kutoka Misisi.