Je, Wepesi Huondoa Thamani?

Bao la Kiswahili huchezwa kwa kete 64 na mashimo 32. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, na hana budi kujua kunamua, kutakata na kuilinda nyumba yake kabla hajafika kwenye mtaji. Mgeni aketiye mbele ya fundi hushindwa kabla hajafahamu ameshindwaje. Kwa ajili yake lipo bao la kujifunza, ambalo kete huwekwa mbili mbili katika kila shimo na kunamua hakumo. Sijapata kusikia fundi akilalamika kwamba bao hilo limemwibia heshima.

Malalamiko hayo, hata hivyo, yamesikika sana katika michezo ya mtandaoni, ile ambayo maelfu ya watu huingia pamoja katika nchi ya kubuni, huyu akiwa askari, yule mganga. Asili yake ni mchezo wa maandishi matupu ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka wa 1978. Katika EverQuest, uliotoka mwaka wa 1999, aliyeuawa alipoteza sehemu ya ujuzi alioukusanya, tena ilimpasa arudi alikofia, bila silaha, kuitafuta maiti yake iliyobaki na mali. World of Warcraft, wa mwaka wa 2004, ulipunguza adhabu: roho hukimbia hadi kwenye mwili, ikafufuka na kila kitu chake. Kufikia mwaka wa 2010 waliolipia mchezo huo walizidi milioni 12. Wakongwe wakanung'unika kwamba kisichotolewa jasho hakina heshima.

Neno lao ni nusu ya ukweli. Uko ugumu ulio moyo wa mchezo, nao ni kufikiri, kuthubutu na kushirikiana. Uko pia ugumu wa kizingiti: herufi ndogo mno, rangi ambazo macho ya baadhi ya watu hayawezi kuzitenga, vitufe vinavyodai vidole vyepesi. Kuuondoa ule wa kwanza ni kuua mchezo; kuuondoa wa pili hakumpunguzii fundi hata kete moja. Wala maendeleo siku zote si kufunguliwa kwa mlango. Kipofu asomewaye maandishi na kompyuta aliiweza ile michezo ya maandishi. Picha nzuri zilizofuata ndizo zilizomfungia nje.

Mats Steen wa Norway alizaliwa na maradhi ya kudhoofika misuli, akafariki mwaka wa 2014, mwenye umri wa miaka 25. Wazazi wake walisikitika wakidhani kwamba aliishi bila rafiki. Baba yake alipotangaza kifo hicho, salamu zikamiminika kutoka kwa watu waliomjua katika World of Warcraft kwa jina la Ibelin, ambao aliwasikiliza na kuwashauri kwa miaka mingi. Baadhi yao walisafiri hadi mazishini. Nani atathubutu kusema kwamba urafiki huo ulikuwa rahisi mno?

Lakini upo wepesi unaodhuru. Mwaka wa 2009 mchezo huohuo uliwekewa chombo cha kuwakusanya watu watano wasiojuana. Kabla ya hapo mtu aliomba wenzake, akangoja, akalitunza jina lake lisije likachafuka. Sasa aliweza kumaliza safari nzima bila hata kusalimu. Mwaka wa 2019 mchezo ulitolewa tena kwa sura yake ya zamani, na wengi waliurudia kwa furaha, pamoja na taabu zake.

Kwa kijana wa Kishushe, chini ya milima ya Taita, huenda kizingiti kikawa ni bei ya data, au simu moja inayotumiwa na nyumba nzima. Old School RuneScape uliingia katika simu mwaka wa 2018, hata asiye na kompyuta akaweza kuucheza. Akishaingia, atakuta hausemi Kiswahili wala Kidawida.