Hesabu ya Msamaha na Njia ya Misafara

Wazazi wengi hutuuliza: mtoto akirudi kutoka shuleni na elimu ya mageuko ya viumbe, akisema kwamba mwenye nguvu ndiye abakiaye, imani yake itasimama? Twajibu kwamba Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua yake Humani Generis ya mwaka 1950, hakuwakataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu. Roho, alisema, huumbwa na Mungu mwenyewe.

Tena yuko Mkatoliki mmoja, Profesa Martin Nowak, mzaliwa wa Vienna, mwalimu wa hesabu na biolojia huko Harvard, afundishaye kwamba mashindano peke yake hayatoshi kueleza uhai. Ushirikiano nao ni nguzo yake. Mwaka 1992, yeye na Karl Sigmund walionyesha kwa hesabu kwamba wawili wakutanao mara nyingi, wakilipana ubaya kwa ubaya daima, kosa moja tu huwatia katika kisasi kisichokoma. Asameheaye mara kwa mara, kadiri ya kosa moja katika matatu, hustawi.

Wapagazi wa Kinyamwezi wasingeshangaa. Kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo ni safari ya miezi, na asiyevumilia wenzake hafiki.

Lakini tusifurahi upesi. Njia ile ile ilipitisha watumwa, na wenye minyororo nao walishirikiana vema: tajiri wa Unguja alikopesha, mfanyabiashara wa Tabora akalipa kwa pembe na watu. Katika hesabu hiyo mfungwa hakuwa mshirika, alikuwa mali. Petro naye alitaka kikomo cha kusamehe, akataja mara saba, na Bwana akamwondolea kikomo chenyewe.

Tumtazame Adriani Atiman. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, huko magharibi ya Afrika. Mapadre Weupe wakamkomboa, wakamsomesha uganga wa kizungu Malta. Waliomlipia fedha hawakuwa na sababu ya kutumaini kulipwa. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, akawa katekista na mganga, akatibu wagonjwa miaka zaidi ya 60, hata alipofariki mwaka 1956.

Mzazi, mwache mwanao ajifunze hesabu za Nowak, kwani ni za kweli. Kisha mwulize, wakati wa chakula cha jioni, mtoto yule wa sokoni angehesabiwa upande gani.