Uenyeji Haununuliwi kwa Damu

Mwanzoni mwa Novemba 1914, wanajeshi wapatao 8,000 wa Uingereza, wengi wao kutoka India, walishuka ufukweni Tanga ili kuuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani. Walishindwa vibaya. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000 tu, lakini waliijua nchi na waliwangoja wavamizi mashambani. Nyuki walitimka mizingani wakawavamia wapiganaji katikati ya risasi. Kati ya wachache waliopenya hadi mitaani walikuwamo Wagorkha wa kikosi cha Kashmir, wana wa milima ya Nepal. Waliowarudisha nyuma walikuwa askari Waafrika chini ya bendera ya Kaisari, jeshi lililokusanya Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani na wengineo.

Wengi wa waliouana siku zile hawakuwa wakikilinda kijiji walikozaliwa. Walikuwa wakitumikia dola za watu wengine, kwa mshahara, mbali na makaburi ya wazee wao. Vita vilipokwisha, baadhi yao walirudi makwao. Wengine walioa, wakajenga na kuzaa pale walipofikishwa na kazi. Wazao wa watu wa namna hiyo, kuanzia Darjeeling nchini India hadi mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, Burundi, wameulizwa swali lile lile kizazi baada ya kizazi: ninyi hasa ni wa wapi?

Wagorkha wana jibu lao maarufu. Jina lao linatokana na mji wa Gorkha, ambako Prithvi Narayan Shah alianzia kazi ya kuziunganisha falme za Nepal katika karne ya 18. Ufalme huo ulipigana na Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki kati ya 1814 na 1816 na ukashindwa, lakini Waingereza walivutiwa mno na ushujaa wa maadui zao hata wakaanza kuwaandikisha jeshini vita vikiwa bado havijaisha. Zaidi ya Wagorkha 200,000 walitumika katika Vita Kuu ya Kwanza. India ilipopata uhuru mwaka 1947, rejimenti zao kumi ziligawanywa kama mali ya mirathi: sita zikaenda India, nne zikabaki Uingereza.

Pamoja na hayo yote, Wahindi wa jamii hiyo waliozaliwa Darjeeling, ambao babu zao walikuja kufanya kazi jeshini na katika mashamba ya chai tangu karne ya 19, wameendelea kuitwa Wanepali wa kupita. Miaka ya 1980 Subhash Ghising aliongoza vuguvugu la kudai jimbo lao ndani ya India, na mamia ya watu wakafa. Baraza la wilaya za milimani likaundwa mwaka 1988, na mwaka 1992 Kinepali kikaingizwa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba ya India. Uingereza nako, wastaafu wa vikosi hivyo walisubiri hadi 2004, na wale wa zamani zaidi hadi 2009, kabla ya kuruhusiwa kuishi katika nchi waliyoipigania.

Hoja iliyotumika kila mara ni ya damu: tulikufa kwa ajili yenu, basi tupeni mahali. Ina nguvu, na hakuna mwenye moyo anayeweza kuipuuza. Lakini ina hatari ndani yake. Ikiwa mtu huwa mwenyeji kwa sababu babu yake alipigana, je, mjukuu wa mwoga ni mgeni? Na mjane, kilema, mtoto mchanga ambaye hajatoa chochote, wao wasimame wapi?

Waswahili wana methali inayogusa jambo hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali ya watu wanaoheshimu kazi. Inasema ni siku gani mgeni anaacha kulishwa bure, lakini haisemi ni siku gani anakuwa mwenyeji. Mtu aweza kulima shamba la kijiji miaka hamsini na bado akaitwa mgeni mwenye jembe. Hilo ndilo lililowapata Wagorkha, na ndilo lililowatisha kwa muda mrefu watu wa Buyenzi.

Buyenzi imelala kando ya mto Ntahangwa, ikipakana na Bwiza. Barabara zake zimenyooka na zinajulikana kwa namba: mtu huelekezwa avenyu ya tano au ya kumi na tatu, si kwa jina la shujaa. Ni mtaa wa mafundi magari, wauza vipuri, wachomeleaji na wachoma mishikaki, na soko la Ruvumera lilizidi kuvimba baada ya soko kuu la Bujumbura kuungua Januari 2013. Katika nchi ambayo sensa ya 2008 iliwahesabu Waislamu kuwa asilimia 2.5 tu ya watu, hapa adhana husikika kutoka pande zote, na lugha ya uani na ya dukani ni Kiswahili, kikichanganyika na Kirundi na Kifaransa bila kuomba radhi.

Historia ya watu hawa haikuanza na mtaa. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika Mugere, kusini ya Bujumbura ya leo, kwa mtumbwi kutoka Ujiji, kupitia Ziwa Tanganyika. Hapo pana jiwe kubwa lenye majina yao mawili. Waliopiga makasia na kubeba mizigo, watu waliozungumza Kiswahili, hawamo katika jiwe lile. Baadaye mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alijaribu kutoka Ujiji kuitia nchi mkononi, na Mwami, yaani mfalme wa Burundi, Mwezi Gisabo akamzuia. Wajerumani walipoweka kituo cha kijeshi Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na askari, wapagazi na wakalimani wao. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia na jeshi lao la Kongo, nalo likaacha watu wake. Wamanyema wa Kasongo na Nyangwe huko Kongo, watu wa Ujiji, Waarabu wa Oman na Warundi waliosilimu wakakaa pamoja, wakaoana, wakawa jamii inayoitwa Waswahili.

Hapa ndipo mtetezi wa Waswahili anapotakiwa kuwa mkweli. Biashara iliyowaleta wengi wao ilikuwa pia biashara ya watumwa. Warundi wa kando ya ziwa walikuwa na sababu ya kumwogopa mtu wa kanzu aliyetoka kusini, na hofu hiyo haikuzuliwa na mkoloni. Hata hivyo, wengi wa Wamanyema waliofika Ujiji walikuwa wametekwa wao wenyewe, wakasilimu, wakapata uhuru au wakaushika kwa nguvu zao. Ukoo mmoja unaweza kuwa na babu aliyeteka na bibi aliyetekwa. Mjukuu wao leo adaiwe kwa ajili ya nani, na alipwe kwa ajili ya nani? Anayetaka kuugeuza urithi kuwa daftari la madeni atakwama hapo hapo.

Wabelgiji walilifanya swali kuwa gumu zaidi. Mitaa ya Waafrika mjini waliiweka chini ya utaratibu ulioitwa rasmi kituo kilicho nje ya mila, yaani nje ya mamlaka ya Mwami na machifu wake. Kwa mtawala ilikuwa njia rahisi ya kupanga mji. Kwa wakazi, maana yake ilikuwa kuzaliwa Burundi na kutohesabiwa katika mpangilio wa Burundi: si raia wa mfalme, si Wazungu, si wageni wenye kwao pa kurudi.

Ajabu ni kwamba mwana wa mfalme ndiye aliyewajia. Louis Rwagasore, mtoto wa Mwambutsa, alianza mwaka 1957 kuwakusanya wafanyabiashara Waafrika katika ushirika, na Waswahili wa Usumbura wakawa miongoni mwa watu wa kwanza mjini kumuunga mkono. Chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961. Wiki chache baadaye, tarehe 13 Oktoba, Rwagasore aliuawa kwa risasi. Burundi ilipata uhuru Julai 1962 bila yeye. Watu walioambiwa hawana mila ya nchi walikuwa wamesaidia kuijenga nchi.

Hiyo nayo ni hoja ya mchango, na watu wa Buyenzi wana haki ya kuitaja. Wanaweza kuongeza mengine. Kiswahili walichokitunza kiliingia katika mtaala wa shule za nchi nzima karibu na wakati Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Julai 2007. Idi sasa ni sikukuu ya taifa. Mwaka 2010 Bunge lilimchagua Mwislamu, Sheikh Mohamed Rukara, kuwa Mpatanishi Mkuu wa kwanza wa nchi.

Lakini jambo kubwa lililotokea Buyenzi halikuwa mchango kwa taifa. Lilitokea wakati taifa lenyewe lilipovunjika.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanyika. Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu. Ngagara, Nyakabiga na Musaga zikawa za Watutsi. Kuvuka barabara kuliweza kuwa kifo. Buyenzi ilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako Mhutu, Mtutsi na mtu wa asili ya Kongo waliendelea kuishi ua mmoja. Machi 1995 mauaji yaliingia Bwiza na Buyenzi pia, na maelfu wakakimbilia Zaire. Hata hivyo Buyenzi haikugeuka kuwa ya kabila moja.

Kwa nini? Jibu moja ni la historia: waliokuwa wameitwa wageni na pande zote hawakuwa na upande wa kuupigania. Jibu la pili ni la dini, nalo linastahili kutazamwa kwa makini. Watoto wa madrasa hufundishwa hadithi ya Malaika Jibrili, aliyemsisitizia Mtume haki ya jirani mara nyingi kiasi kwamba Mtume akadhani jirani atafanywa kuwa mrithi. Aya ya 36 ya Suratun Nisaa inaagiza wema kwa jirani wa karibu na jirani asiye ndugu, na Suratul Hujurat inasema watu walifanywa mataifa na makabila ili wajuane. Katika mafundisho haya mtu haulizwi amemfanyia nini nani. Haki inaanzia ukutani, pale moshi wa jiko lako unapoingia kwangu. Asili yako inakuja baadaye, kama jambo la kufahamiana.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyekuwa mbali na msikiti wowote, alifika karibu na hapo mwaka 1795 katika maandishi yake kuhusu amani ya kudumu: uso wa dunia una mwisho, watu hawawezi kutawanyika bila kikomo, na hapo mwanzo hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya mwenzake ya kuwa mahali fulani. Kant, hata hivyo, alimpa mgeni haki ya kuzuru tu, si ya kukaa. Fundisho la ujirani linakwenda mbele zaidi, kwa sababu linamtazama mtu ambaye tayari amekaa, ambaye watoto wake na wako wanacheza mpira mmoja. Kumwambia huyo athibitishe mchango wake ni kumdai kodi ya kitu ambacho tayari ni haki yake.

Mkosoaji atasema ujirani hauna mhuri. Ni kweli, na mfano uko Burundi hapo hapo. Watu wapatao 1,000 wenye asili ya Oman wameishi nchini kwa miongo mingi na bado wamehesabiwa kuwa katika hatari ya kukosa uraia wowote. Wana majirani, wana maduka, wana makaburi, hati hawana. Sheria ya uraia ya mwaka 2000 inaurithisha uraia hasa kupitia baba, hivyo kwa kawaida mama Mrundi hamwokoi mtoto aliyezaliwa na baba asiye raia. Mtoto huyo anaweza kuzungumza Kirundi tangu utotoni na bado akakosa mahali pa kusimama mbele ya karani. Kwa hiyo ujirani hauwezi kuchukua nafasi ya sheria. Unachoweza ni kuiambia sheria ianzie wapi: kwa maisha yanayoonekana, kabla ya damu ya kizazi kilichopita.

Mkosoaji wa pili atakumbusha kwamba kuishi pamoja hakukuwazuia wauaji wa Machi 1995. Hilo halikanushiki. Mafundisho ya dini si ngao ya chuma, na Waislamu wa Burundi ni binadamu wenye hofu na siasa zao. Kinachobaki ni kwamba baada ya mauaji, wakazi walikuwa na lugha ya kurudiana ambayo haikuhitaji kwanza kukubaliana nani alifika nchini mwaka gani.

Lugha hiyo sasa inajaribiwa upya. Februari 2025, mji wa Bukavu, mashariki ya Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi kuingia Burundi, wakiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Walifika bila chochote cha kuichangia nchi, na wengi wao wanazungumza Kiswahili kile kile kinachosikika kwa mafundi wa Buyenzi. Kwa wazao wa Kasongo na Nyangwe, swali lililowaelemea wazee wao limegeuka upande: safari hii wao ndio wenye mlango. Wakiwapima wapya kwa mchango, watakuwa wameikubali mizani iliyowakataa wao wenyewe. Wakiwapokea kwa haki ya jirani, watalazimika pia kusimama pamoja nao mbele ya karani, kudai hati, shule na kibali cha kufanya kazi, na hiyo ni kazi ya miaka.