Darsa ya Ramadhani, siku ya 18: Gari inang'ara, chini kuna nini?



Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mnaosoma darsa hizi huku mkisubiri adhana ya magharibi, leo nataka tuzungumze juu ya gari. Msishangae. Hapa Kiwengwa nusu ya safu ya kwanza ni madereva, na nusu nyengine ana mtoto au mkwe dereva. Yupo wa daladala ya 117, yupo anayepokea wageni uwanja wa ndege, yupo anayepeleka wafanyakazi hotelini alfajiri. Mfano wa gari utatufika haraka kuliko mfano wa ngamia, ingawa na kwa ngamia tutafika inshaallah.

Sote tunajua pwani hii inavyokula gari. Kaskazi ikivuma inatoka baharini moja kwa moja na inakuja na chumvi. Ukitia juu yake vumbi jeupe la zile njia za mawe zinazoteremkia hotelini, na maji ya kisima ya chumvichumvi yanayoacha madoa yakikauka, na hawa kunguru wetu ambao kinyesi chao kikipigwa jua kinakula rangi, basi gari iliyoshuka bandarini inang'ara kama kioo baada ya misimu miwili tu imeshapauka boneti. Ndio maana vijana wa kuosha gari siku hizi wana kazi ya pili, ya kupaka kwa mkono.

Nimekaa nao sana, nikawauliza. Kazi yenyewe ina mpango. Kwanza gari inaoshwa na kukaushwa vizuri, inawekwa kivulini mpaka bati lipoe, maana ukipaka juu ya bati la moto dawa inakauka kabla hujaifuta na inaacha michirizi. Halafu kijana anavaa mkononi mfuko mwembamba wa plastiki (kuupata nao kazi, tumeshaupiga marufuku) anapitisha vidole juu ya rangi taratibu. Ukipitisha mkono mtupu unahisi laini. Ukipitisha na mfuko unasikia chembechembe, kama mchanga. Ni uchafu uliogandamana ambao maji na sabuni havijautoa na jicho halijauona. Huo unatolewa kwa udongo maalumu, taratibu, na maji mengi.

Baada ya hapo ndipo zinakuja dawa mbili, na hapa nataka mnisikilize. Ya kwanza wenyewe wanaiita glezi. Hii ina mafuta na vijazio, inaingia kwenye mikwaruzo midogo midogo ile ya mviringo inayoonekana juani, inaijaza, na rangi inaonekana mpya. Haikuondoa mkwaruzo hata mmoja. Imeujaza tu. Ya pili ni waksi, nta. Ile inayosifiwa inatokana na majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki ya Brazil, unaitwa karnauba. Nta inapakwa juu ya glezi, nyembamba sana, kipande kwa kipande, inaachwa ifanye ukungu, kisha inafutwa kwa kitambaa laini kisafi. Kazi yake ni kukinga. Mvua ikinyesha unaona maji yanajikusanya vitone vitone na kuteremka. Wanaopaka nta nene wakidhani ndio itadumu wanajichosha tu, inayozidi yote inaishia kwenye kitambaa.

Glezi peke yake, bila ya nta, ikioshwa mara chache inaondoka. Mikwaruzo inarudi pale pale ilipokuwa.

Sasa nikuelezeni kwa nini nayajua yote haya.

Mwaka juzi, wiki mbili kabla ya Ramadhani, niliuza gari yangu, ile Noah nyeupe ambayo wengi wenu mmeshaipanda. Chini ya milango ilikuwa imeshaoza. Si kutu ya juu juu, imeoza, unasukuma kidole kinaingia. Nilikuwa nimeshaipiga puti mwaka mmoja nyuma na kupaka rangi juu. Nilipotaka kuuza nikaipeleka kwa kijana mmoja, nikamwambia "nipigie ya mkono, iwake". Akapiga glezi, akapiga waksi. Wallahi ikawaka. Mnunuzi alikuja jioni, jua limeshazama nyuma ya minazi. Akaizunguka mara mbili. Akaniuliza: "Ustadh, bodi vipi?" Nikamjibu: "Si unaiona mwenyewe."

Sikusema uongo, au si ndio? Nilijibu kwa kumwambia aangalie. Nilikaa na jibu hilo zaidi ya mwaka, nikijiridhisha kuwa halina uongo ndani yake.

Masika yakapiga. Rangi chini ya milango ikavimba malengelenge, puti ikaanguka vipande. Yule bwana hakuja kwangu. Nilikutana naye kwenye daladala, akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya watoto. Nikamuuliza gari. Akasema, "Alhamdulillahi, ustadh, gari ni chuma." Akaangalia dirishani. Angenunua kwa dereva mwenziwe angelikwenda kugombana naye siku ya pili. Kwangu alinyamaza kwa sababu ya kofia na kanzu.

Ramadhani ya mwaka jana nikapangiwa kudarsisha Suratul-Mutaffifin. Nyote mnaijua inavyoanza, inaanza na watu wanaopunja vipimo, wakipokea wanataka kijae, wakitoa wanapunguza. Na ndani ya sura hiyo hiyo, aya ya 14, ndipo linapotajwa lile neno la kutu iliyozifunika nyoyo kwa yale waliyokuwa wakiyachuma. Nimesoma sura hii tangu chuoni na sikuwahi kujiuliza kwa nini kutu ya moyo imetajwa katika sura ya wafanyabiashara. Maulamaa wanapoifasiri aya hii wanaitaja hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, ipo kwa Tirmidhi, kuwa mja akitenda dhambi hutiwa doa jeusi moyoni mwake, akizidisha nalo linazidi mpaka linaufunika moyo. Na akiacha, akaomba msamaha, akatubu, moyo wake husuguliwa ukatakata. Neno lililotumika pale kwa Kiarabu ni lile lile la kusugua kitu mpaka king'are, kama upanga au kioo cha kale cha chuma. Ila tazameni mpangilio: kuacha kumetajwa kwanza, kusuguliwa kumekuja mwisho. Fundi yeyote wa bodi atakwambia hivyo hivyo. Kutu inakatwa kwanza, halafu ndio upake.

Usiku ule sikuweza kuendelea. Nilisingizia koo.

Na ile hadithi ya sokoni iliyopo kwa Muslim sote tumeshaisikia, ila isikilizeni tena na huku mnaufikiria ule mkono ndani ya mfuko. Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la chakula kinachouzwa. Juu kimekauka, kizuri. Akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema kimenyeshewa na mvua. Hakuambiwa kwa nini kimenyeshewa, mvua ni ya Mungu. Aliulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakakiona. Kisha likaja lile tamko zito, kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Kutu ya gari yangu nayo ni ya chumvi ya bahari, sikuitia mimi. Mimi niliiweka chini.

Nilisema tutafika kwa ngamia. Bukhari na Muslim wote wamepokea katazo la mtu kumwacha ngamia au mbuzi siku kadhaa bila ya kumkama ili chuchu zijae, mnunuzi adhani ni mnyama wa maziwa mengi. Aliyenunua hivyo anapewa hiari, akitaka atabaki naye, akitaka atamrejesha pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyoyakama. Muuzaji yule hakutamka neno lolote, hakusema "huyu anatoa maziwa mengi". Chuchu ndizo zilizosema. Basi na "si unaiona mwenyewe" yangu imo humo humo.

Kuna ndugu mmoja aliniuliza suali zuri nilipomhadithia haya. Alisema: "Ustadh, lakini Mwenyezi Mungu anapenda sitara. Tumeambiwa tusitangaze aibu zetu. Sasa mtu afiche au asifiche?" Suali lina uzito. Jibu ninaloliona ni hili: aibu iliyo baina yako na Mola wako, isitiri, tubu kimya kimya, usiitoe hata kwa rafiki. Lakini kasoro ambayo mwenzako anailipia, hiyo si yako tena kuisitiri. Umeshaiuza, na hujamwambia kuwa umeiuza. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi akigundua aibu ya zamani iliyofichwa ana haki ya kurejesha, na kama kitu kimeshabadilika mkononi mwake hata hakirudishiki, anadai fidia ya kilichopungua. Na haya yangu ninayatoa hadharani kwa sababu yule bwana anayajua yote na ameniruhusu. Yasingekuwa yanamhusu mtu, ningelikaa nayo.

Na isije ikafahamika vibaya, glezi si haramu. Gari yako unayotembelea, ipambe. Uzuri unapendwa, na mgeni anaposhuka uwanja wa ndege akakuta gari safi ni riziki yako hiyo. Wala sipendi yale maneno ya kuwakebehi wanaojaa msikitini Ramadhani tu, eti "hao wamejipaka, Mfunguo Mosi inawaosha". Nta nayo haidumu. Wiki kadhaa, miezi michache ukijaaliwa, kisha unarudia, na hakuna anayesema kuwa nta ni uongo kwa sababu inarudiwa. Saumu tumeambiwa ni ngao, na ngao inatobolewa, tena kwa ulimi. Anayekuja mwezi mmoja kutafuta ngao mkaribisheni, msogezeeni mkeka. Ninayemuhofia mimi ni yule aliyejaa mwaka mzima, kanzu imepigwa pasi, na chini ya milango kuna puti.

Basi nilimwendea. Ilikuwa baada ya tarawehe, usiku wa kumi la mwisho, nikamkuta barazani anakunywa uji. Nilimwambia moja kwa moja: nilijua. Nikampa hiari, arejeshe gari nimrudishie pesa zake, au anitajie khasara. Alinyamaza muda mrefu, mpaka mkewe akachungulia. Akasema, "Mimi nilikuwa naijua kuwa unajua. Nilikuwa naona haya kukwambia." Kurejesha hakutaka, alikuwa ameshaikata na kuichomea bati jipya na kuipaka rangi. Akaingia ndani akatoka na karatasi ya fundi. Laki sita na nusu. Alikuwa ameiweka karatasi ile muda wote huo.

Sikuwa nazo. Tukaandikiana, nalipa kidogo kidogo kila mwezi, na mpaka leo nimebakisha laki moja na nusu. Nilikusudia nimalize kabla ya Idi na bado nakusudia.

Nilipomuomba ruhusa ya kuandika alikubali kwa sharti mbili. Moja nisimtaje jina wala kijiji. Ya pili aliitoa kwa kicheko: "Waandikie na namna ya kukagua gari, ustadh, faida ipatikane." Haya, namtekelezea. Gari ya kununua usiitazame jioni, nenda saa sita juani. Usiikague ikiwa imelowa wala imetoka kupakwa sasa hivi. Omba uioshe mwenyewe kwa sabuni ya unga, ile ile ambayo kwa gari yako nakukataza, kwa sababu inakula nta, na hapo ndipo unapoitaka. Pitisha ukucha kwenye mkwaruzo, ukinasa basi ni wa kina, hakuna dawa ya mkono itakayouondoa. Chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa usichubue rangi, uipitishe chini ya milango na juu ya matairi. Pahala ilipogoma kushika kwenye bati, pana puti nene. Na muulize muuzaji kwa suali la kujibiwa ndio au hapana, usimuulize "bodi vipi".

Kesho inshaallah tutaendelea na hukumu za zakatul-fitri. Mwenye deni au malalamiko ya biashara baina yake na mwenziwe na anataka kusuluhishwa kabla ya Idi, tunakaa msikitini kila siku baada ya alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu. Si lazima uje na karatasi.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.